Mti Mwekundu wa Uani Chapwa

Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Mwaka mmoja alirudi kutoka kusini na mche ndani ya ndoo ya rangi. Aliununua kwa mtu mwenye bustani, akakaa nao kwenye kichwa cha gari siku zote za foleni ya mpakani.

"Ni mti wa Kijapani," aliniambia. "Unapenda baridi. Hapa Chapwa utakubali."

Ulikubali. Baada ya miaka mitatu ulinifika begani, majani mekundu yaliyochanika kama vidole vya mtoto mchanga. Jioni alikuwa akiweka kiti karibu nao, anakunywa chai.

Kisha akapooza upande wa kulia. Hospitali walimrudisha nyumbani, wakasema tumfanyishe mazoezi. Mama yake alikuja kutoka Ileje kunisaidia. Ndiye aliyeleta dawa ya chumvi: kila asubuhi tunamtoa uani, tunamkanda mguu na mkono kwa maji ya moto yenye chumvi ya mawe, viganja viwili kwa beseni. Mvua zilikuwa zimekatika. Miezi mitatu ilipita tukimkanda hivyo. Mguu haukuamka.

Mwezi wa saba mti ukaanza kuungua. Majani yalikauka kuanzia pembeni, yakajikunja, yakadondoka. Niliumwagilia maji kidogo jioni, nikauwekea samadi. Ukazidi. Mwezi wa nane ulibaki vijiti.

"Ukate," mama mkwe aliniambia. "Mti haujulikani umetoka wapi. Tangu umeingia hapa, mwanangu yuko hivi."

"Mama, mti huu una miaka mitatu. Yeye ameugua mwaka huu."

"Nimesema ukate."

Mume wangu alikuwa kwenye mkeka, anasikia. Alikuwa hawezi tena kusema, lakini aliinua mkono wa kushoto, ule mzima, akautikisa. Hapana.

Nilimpigia shangazi yangu wa Ikinga, ambaye amelima kahawa tangu ujana wake. Alikuja na kisu cha kupogolea kwenye mkoba wa kanisani. Alimsalimia mgonjwa kwanza, akamshika mkono muda mrefu, ndipo akaenda uani. Alikwangua gome la tawi la juu kwa ukucha: kahawia, kavu. Akashuka chini, akakwangua tena. Karibu na shina kulikuwa na kijani, chembamba kama uzi.

"Haujafa," alisema.

Alipiga magoti. Juu ya udongo kulikuwa na ukoko mweupe ambao mimi nilidhani ni vumbi la barabarani. Akaugusa kwa kidole, akaonja, akatema.

"Mwanangu, maji ya kumkanda mnamwaga wapi?"

Uani kwetu kunateremkia pale. Kila asubuhi niliinamisha beseni kwa mikono yangu mwenyewe, tena nikijiambia kwamba namwagilia mti wake.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote. Aligeuka akaingia ndani.

Tuliondoa ule udongo wa juu pamoja na samadi yangu, tukiwa waangalifu na mizizi midogo. Tulimwaga ndoo ishirini za maji ya kisima, taratibu, mpaka yakazama yote, na tukarudia siku iliyofuata. Shangazi alikata matawi makavu hadi kwenye kijani, akatandaza nyasi kavu bila kugusa shina. Nilifunga kipande cha turubai la lori upande wa magharibi kuzuia jua la alasiri na upepo. Beseni tukaanza kulimwaga chooni.

Wiki saba hapakutokea kitu. Mume wangu alipigwa tena na kiharusi, safari hii hakufumbua macho. Siku vichipukizi viwili vyekundu vilipotoka, vidogo kama punje za mtama, niliinama nikamwambia sikioni. Nilisubiri mkono wake utikisike. Alikoroma tu. Alifariki siku ya nne baada ya hapo.

Msibani majirani walipikia uani. Mama mmoja alibeba sufuria la maji moto akaelekea mtini. Mama mkwe alipiga kelele: "Usimwage hapo!" Akafunika uso kwa khanga, na mimi nikakaa karibu naye chini.

Alirudi Ileje baada ya wiki mbili. Kituoni aliniuliza, bila kunitazama, kama chumvi ingeweza kumdhuru mtu pia.

"Hapana, mama. Ni mti tu."

Sijui kama aliniamini. Upande mmoja wa mti umechipua, majani manane nilipohesabu mara ya mwisho. Upande wa pili umekufa hadi shinani, na shangazi ameniagiza niukate upande huo kabla mvua hazijashika.