Makaa ya Nyumbani kwa Jilala

Nakumbuka siku moja, mwanangu, muda mfupi baada ya ule uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, siku niliyomwogopa mama mkwe wangu kuliko mtu yeyote, na hapo hapo nikampenda.

Tulikaa kijijini, upande wa Mwandoya. Mimi nilikuwa bado bibi harusi, hata kupaza sauti mbele ya wakwe sijazoea. Mama mkwe, Mayu Kabula, yaani Mama Kabula kwa Kisukuma, alikuwa mjane na balozi wa nyumba kumi. Chama kilikuwa kimemwingia damuni. Khanga zake za sherehe zote zilikuwa za chama, na ukikisema vibaya mbele yake hulali salama.

Kura zilipohesabiwa pale shuleni, chama kilizoa zote isipokuwa moja. Moja tu! Hakuna aliyeuliza ni ya nani, maana jirani yetu Jilala, mkulima wa pamba, alishasema mkutanoni mchana kweupe kwamba safari hii anajaribu chama kipya. Leo mnacheka. Sisi tulikuwa tumezoea chama kimoja tangu utoto, tukamwona kama ametukana kijiji kizima.

Wazee wakaitisha dagashida, mkutano wetu wa kijiji, wakamtenga. Unajua kutengwa kwetu Usukumani? Hupewi moto, wala kwako hauombwi moto. Husalimiwi. Ukifiwa, kaburi unachimba mwenyewe. Na anayevunja amri anatengwa naye. Minza, mke wa Jilala, alikuwa na mimba ya kukaribia kujifungua. Nani angemshika siku ya uchungu?

Mayu Kabula alirudi nyumbani kutoka mkutanoni. Jua lilipoanza kushuka akachukua kigae cha kubebea makaa, akaniambia nimfuate. Nilipoona tunaelekea kwa Jilala, nikasimama njiani.

"Mayu, na sisi tutatengwa," nikanong'ona.

"Basi ngoja hapo. Mimi naenda kuomba moto."

Akaingia uani. "Mwadila, Minza," akasalimia, kama siku zote. Minza akatoka kashika mgongo, akaanza kulia kabla hajaitikia.

Mayu akachota makaa jikoni kwa Minza, tukarudi nayo nyumbani, akawasha ikome, ule moto wa samadi ambao wanaume wa jirani waliuota kwetu kila jioni tangu enzi za marehemu baba mkwe. Wakaja, wakakaa, wakachoma viazi wakala. Mzee Maduhu, aliyetangaza hukumu ile, akachomoa kijinga cha moto akawashia sigara yake. Ndipo Mayu akasimama.

"Moto huu nimeutoa kwa Jilala. Mmeuota, na viazi mlivyochoma humo mmevila. Haya, Mzee Maduhu, sasa nani anamtenga nani?"

Ee mwanangu!  Wanaume wakatazamana.

"Lakini wewe ni balozi wa chama," Maduhu akasema.

"Ndiyo. Kura yangu nimekipa chama, na nitakipa tena. Kura ya Jilala ni ya Jilala. Minza akishikwa na uchungu nitakwenda, na chama kinione."

Maduhu aliitazama sigara yake, akaitazama, halafu akaendelea kuivuta. Asubuhi mkewe akaonekana njiani, ndoo ya maji kichwani, anaipeleka kwa Minza.

Nimeona chaguzi nyingi tangu hapo, na chama ni kile kile. Lakini nikishika kadi yangu ya kupigia kura namwona yule mama na kigae chake, na bado nastaajabu. Mwanangu, kura yako piga unavyoona wewe. Ya mwenzako iache iwe yake, hata ikiwa peke yake katika sanduku zima. Na siku wengi watakapokubaliana kumnyima mtu moto, usingoje mwingine ainuke. Wewe chukua kigae uende.

Mungu akujalie moto usiozimika nyumbani kwako, na majirani wasioona haya kuja kuuomba.