Mtu asiyejulikana alikuwa anasoma hati ya kiwanja cha Mama Masika, na mlango niliuacha wazi mimi mwenyewe

Saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi, Lubumbashi, mvua inanyesha.

Wakuu, salaam kwenu. Nina miaka hamsini na moja, sijasomea kompyuta popote, nimejifunza kwa vitabu vya mtumba. Nitaandika nilichokiona tu. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Nilikuwa natunza server ya mfanyabiashara wa jumla na malori, mtu wa Kivu ya Kaskazini. Tumwite Patron. Vita vilipokaribia mji wao, wateja walimkabidhi makaratasi yao. Kwao ni kawaida: msafirishaji aliyebeba mizigo yako miaka kumi, unampa na hati zako abebe. Tukaziscan zote, familia mia mbili, kila familia faili lake, zikakaa kwenye server yetu huku.

Kisha mji ukaanguka. Kompyuta ya depot yetu ya kule ikabaki mezani, inawaka, na hatukujua nani amekaa mbele yake.

Account ya depot ile niliifunga siku hiyo hiyo. Nikatulia.

Sasa asubuhi hiyo naangalia log, naona depot ile ile inasoma faili la Mama Masika. Huyu ni mjane, muuza vitenge. Kurasa sita za mwanzo ni hati ya kiwanja chake, ya saba ni kitambulisho. Viwanja vya waliokimbia vilikuwa vinauzwa na yeyote mwenye karatasi, na yeye hakuwa amebakiwa na kitu kingine.

Mtandao wa kule ulikuwa mzito. Ukurasa mmoja, dakika saba hivi. Nilitazama mistari ikiongezeka na nikawa kama namwona mtu anatembea ndani ya nyumba ya mwenzake, taratibu, anapitisha kiganja ukutani. Ukurasa wa pili una ramani, na pembeni mtu alichora mparachichi kwa kalamu. Nilijua kwamba sasa hivi anautazama ule mti. Mvua ilijaza masikio. Mikono yangu ilikuwa juu ya keyboard na haikusogea. Sikumbuki ni kwa muda gani.

Kosa lilikuwa langu, wakuu. Naeleza.

Umeme kwetu unakatika hata mara tano kwa siku. Kila ukirudi, makarani walikuwa wanaulizwa nywila upya, wananipigia simu kunitukana. Basi miaka minne kabla niliingia kwenye code ya file system, sehemu inayoamua nani afungue nini, nikaongeza kitu: ukikubaliwa mara moja, kibali kinaandikwa kwenye disk. Umeme ukatike, urudi, hakuna anayeulizwa tena. Walinisifu sana.

Lakini kibali changu kilibeba namba ya faili, hakikubeba jina la mtu. Karani wa kule aliyescan hati alishalifungua faili kihalali, basi yeyote aliyekaa kwenye kompyuta ile baada yake alipita. Kufunga account hakukumgusa mgeni. Kuzima na kuwasha kusingemgusa pia, maana ndivyo nilivyokitengeneza.

Patron akaja nyuma yangu.

"Fundi, ni nani iko anasoma?"

"Sijui. Iko kule."

"Sasa unangoja nini? Kata fil, hii waya ya mtandao!"

"Nikikata fil, Mama Masika anabaki kwa mutoni."

Maana muda ule ule yeye mwenyewe alikuwa Kasenga, mpakani na Zambia. Alikuwa amezunguka Tanzania na Zambia, akavuka Luapula kwa mashua, na agent wa mpaka alitaka kitambulisho ambacho kilishapotea njiani. Papa Mwape, karani wetu wa Kasenga, alikuwa analivuta faili lile lile ili aprinti ukurasa wa saba. Mashua ilikuwa inarudi upande wa pili saa tano na nusu, na agent alishasema itarudi naye.

Kwa simu nilimsikia Mama Masika nyuma ya Mwape: "Miye muzima niko hapa, bo banataka photocopie yangu!"

Nikaandika. Mistari kumi na nne. Kibali kibebe jina, na jina liangaliwe kila ukurasa unapoombwa, si mara ya kwanza tu. Ku-compile dakika sita. Saa tano na dakika kumi nikaipakia.

Mgeni alikuwa ameanza ukurasa wa tano. Mstari wake ukasimama katikati. Akaomba tena, akakataliwa. Akaomba tena. Kisha hakuna kitu, mvua tu.

Simu ikalia. Mwape.

"Fundi! Machine inaniuliza nywila!"

"Iandike, Papa."

"Nywila gani? Miaka ine sijaulizwa nywila! Ulituzoesha mubaya!"

Patron akaishika ile simu: "Mwape, uliandikaka wapi?"

"Nyuma ya kalendari... lakini kalendari njo bibi alifungia samaki!"

Nikampa nywila mpya, herufi kwa herufi, mara tatu, mvua ikimeza nusu ya maneno. Saa tano na dakika ishirini na sita ukurasa wa saba ukatoka kwenye printer ya Kasenga. Mashua iliondoka bila Mama Masika. Jioni alilala njiani, Kasomeno, kesho yake alikuwa kwetu, akaniuliza kama niliuona mti wake.

Nilichojifunza: usimwondolee mtu usumbufu wa kuulizwa yeye ni nani. Na ukifunga account, jaribu mwenyewe kuingia nayo kabla ya kutulia. Mimi sikujaribu.

Mnaotunza server sehemu za umeme wa kubahatisha, nyinyi vibali mnavitunza vipi? Nikosoeni, sitakasirika.

Miezi baadaye mtu alijaribu kukiuza kiwanja kile akiwa na kurasa nne. Mnunuzi akaomba wa tano, wenye muhuri. Hakuwa nao.

Bei aliyotaja: dola elfu nane na mia tano.