Miti Ilikuwa ya Nani

Watu wengine wakinusa majani ya mkaratusi yaliyolowa mvua hukumbuka mafua, blanketi na sufuria ya kujifukiza. Mimi humkumbuka Sekela. Hadi leo nikiteremka njia ya kwenda Masukulu asubuhi baada ya mvua, na kwetu Rungwe mvua haijui likizo, harufu ile hunipanda puani na kabla sijajizuia nimeshakasirika. Mume wangu hunitania kwamba wilaya nzima mimi peke yangu ndiye mwenye ugomvi na mti. Acha acheke, yeye hakuwepo.

Nilikuwa darasa la tano. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, na duka la kijiji chetu, ambalo tangu nizaliwe nililijua kwa chumvi, viberiti na rafu tupu, lilijaa ghafla sabuni za kunukia, biskuti na ndala za rangi. Mwenye duka alikuwa baba yake Sekela. Zamani alilima migomba kama baba zetu. Sasa alikuwa na pikapu kuukuu, alinunua ndizi, aliuza mbao, na ilisemwa kwamba viwanda vya chai vinatafuta kuni za kukaushia majani, kwa hiyo mwenye mikaratusi ndiye atakayekula nchi. Sisi watoto mambo ya kuni hatukuyajali. Tulichokijua ni kwamba Sekela alikuja shuleni na biskuti mfukoni, na kwamba akikupa nusu, siku hiyo umekuwa mtu.

Mama yangu alikuwa na bustani ya magimbi bondeni, kando ya chemchemi ambayo kijiji kizima kilichota maji. Alionyeshwa sehemu ile na mama mkwe wake alipoolewa, na huyo naye alionyeshwa na mkwewe. Bonde halikuwa na hati. Aliyelima ndiye aliyekula, na akiacha, mwingine analima. Lakini ilikuwepo sheria moja ambayo hata mtoto anayetambaa aliinyonya na maziwa: anayepanda mti ndiye mwenye ardhi. Ndiyo maana mgeni ukimpa mahali pa kulima alipanda mahindi na maharage, hakuthubutu kuchomeka hata mgomba. Magimbi yale ndiyo yaliyotuvusha miezi ya mvua kubwa, wakati mahindi ya zamani yamekwisha na mapya bado ni maua. Mama aliyachemsha alfajiri, akayafunga kwenye jani la mgomba, nasi tukala njiani yakiwa bado yanatoa mvuke, mikono ikipata joto kabla ya tumbo. Sijapata chakula kingine kinachokaa tumboni namna ile.

Baada ya likizo ya mwezi wa sita Sekela alihamia dawati langu. Mimi sikuwa mtoto wa kuhamiwa dawati. Nilikuwa na sketi yenye viraka na mafua yasiyoisha. Alinigawia biskuti, akanisuka nywele, akanisindikiza hadi nyumbani ingawa kwao kulikuwa upande mwingine. Mama akampakulia mbalaga, ndizi zetu za kupika, naye akala akasema, “Ndaga fijo, mama,” kwa adabu mpaka mama akaniuliza kwa nini mimi sishukuru hivyo. Wiki ya tatu tukiwa chemchemini akanionyesha jiwe. Mwaka jana, alisema, maji yalilifunika. Sasa linaonekana kichwa. “Atu, chemchemi inakufa. Wanaolima pembeni ndio wanaoiua. Shule inataka kupanda miti pale. Zungumza na mama yako. Mama yako akiacha, wote wataacha.”

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, mama aliheshimiwa bondeni. Na maji yalikuwa yamepungua kweli pia, kama yanavyopungua kila kiangazi. Nitasema na ukweli wangu, maana sitaki kujifanya malaika: haikuwa chemchemi iliyonisukuma. Nilitaka Sekela aendelee kukaa dawati langu. Baadaye ndipo nikaanza kuamini, na nilipoamini nikawa balaa. Niliwahubiria wenzangu njiani, niliwazuia kufua karibu na maji, nilimnunia shangazi yangu kwa kukata tete. Usiku niliota chemchemi imekauka na kosa ni letu.

Mama alinisikiliza huku akimenya ndizi. Akasema, “Gimbi halimalizi maji, mwanangu. Gimbi linakaa na maji kama bata.” Nikamsumbua siku nne. Siku ya tano akauliza swali moja tu. “Na hiyo miti ni ya nani?” Nikajibu ni ya shule. Akauliza nani kasema. Nikajibu, “Mwalimu.” Mwalimu hakuwa ameniambia neno. Sekela ndiye aliyesema kwamba mwalimu amesema, nami kwa kichwa changu niliona ni yale yale. Mama aliishia darasa la pili, na neno la mwalimu kwake lilikuwa karibu na neno la mchungaji. Akachukua jembe, akayang’oa magimbi yote, hata yaliyokuwa bado madogo. Wanawake wengine walipomwona wakafuata mmoja mmoja. Alinipa kikapu nibebe na akaniambia nimefanya vizuri kujali maji ya watu.

Jumamosi pikapu ilileta miche. Tulikuwa watoto kama ishirini, tulipanda tukiimba, matope hadi magotini. Mimi nilipanda pale pale palipokuwa bustani yetu, kwa mkono wangu, nikishindilia udongo kwa kisigino, na kila mche nilioupanda nilimtazama Sekela anione. Jumatatu alikuja shuleni na raba nyeupe pee, mpya kutoka dukani. Mwezi haukuisha baba yake akazungushia bonde uzio wa mianzi, akaacha kijia cha kuchotea maji tu.

Wanawake walikwenda kwa wazee wa kijiji. Kesi ilikuwa fupi. Mzee mmoja aliuliza nani aliondoka bondeni kwa hiari yake, nao wakakiri kwamba waliondoka wenyewe. Akauliza miche ni ya nani, baba yake Sekela akasema ni yake, aliwaomba watoto wamsaidie. Mwalimu mkuu aliitwa, akasema shule haina hata mti mmoja kule chini na wala haijapanga kupanda. Hapo mama akageuka akanitazama. Hakunipiga, siku ile wala baadaye. Alinitazama tu, kisha akafunga khanga yake vizuri akaondoka, na mimi nikabaki nimesimama nikitamani fimbo.

Nilimngoja Sekela njiani. Nilimuuliza kama alijua miti ni ya baba yake. Akatazama raba zake. Akasema alijua, ila baba alimwambia kwamba mti ni mti, utafaa tu chemchemi. Nikamuuliza, basi kwa nini mimi? Akajibu polepole, wala hakuwa na ubaya usoni, “Baba ndiye aliyeniambia nikae na wewe.” Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini kile cha nguoni hakijawahi kukusuka nywele. Wiki iliyofuata alirudi dawati lake la zamani.

Masika yale tulilala njaa. Mama alipanda vikonyo vya magimbi nyuma ya nyumba, pakavu, yakatoka ya ukubwa wa kidole gumba. Aliyachemsha vilevile alfajiri na kuyafunga vilevile, nami nilimpa mdogo wangu fungu langu, wala si kwa wema. Mikaratusi ikakua haraka, kama kila kitu kisicho chako. Miaka michache baadaye jiwe la Sekela lilisimama lote nje ya maji, kisha maji yenyewe yakahama. Baba yake alikata, akauza, na visiki vikachipua tena.

Sasa naishi mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu mjini. Maji ni ya bomba, magimbi nanunua sokoni, na mama amezeeka nami bila kuligusa jambo lile hata kwa utani. Juzi jioni nilikuwa nimewasha takataka nyuma ya nyumba, maganda na mifuko ya nailoni, kama wafanyavyo majirani wote. Binti yangu, naye yuko darasa la tano, akaja akanishika mkono. “Mama, tuache kuchoma hivi. Neema ameniomba nikwambie.” Neema ni rafiki yake wa nyumba ya pili. Neno likanitoka kabla sijafikiri: “Na Neema katumwa na nani?”

Binti yangu alinishangaa. “Hajatumwa, mama. Moshi unaenda kwao. Anakohoa.”

Nilichukua ndoo nikaumwagia moto maji mpaka ukazimika kabisa, naye akakimbia kumwambia mwenzake. Nilifanya vizuri, najua. Lakini nilipokuwa nimesimama pale na ndoo tupu, majivu yakinuka, nilikuwa nawaza baba yake Neema anafanya kazi gani.