Simu ya Nne kwenye Ruta ya Mama Furaha

Kama mnataka kucheka, chekeni sasa, maana jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, saa kumi ya jioni, jua likiwaka hapa mtaani kwetu Lumumba. Sikusimuliwa na mtu.

Mama Furaha, mwenye parsele, yaani kiwanja na nyumba, ninamokaa, alinunua ruta, ile ya kutia kadi ya SIM na kugawa wifi nyumbani. Muuzaji alimpa siku tatu za kuijaribu, isipofaa, airudishe. Haraka ilikuwa ya nini? Binti yake Furaha, aliyeolewa Kampala, alikuwa amezaa mtoto mwanaume. Na kwao mtoto hapewi jina mpaka mkubwa wa ukoo amtazame usoni na kulitamka. Mkubwa aliyebaki ni Mama mwenyewe, na pesa ya safari hakuna, basi ingekuwa kwa video.

Akaniita mimi. Shule niliiacha sekondari ya pili, lakini simu za watu ninazitengeneza, kwa hiyo Mama huniita enjenyeri. Nilikuta ruta nyuma ya kabati ya chuma, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi arusi.

"Mama, hapa itapumua namna gani?"

"Enjenyeri, niliogopa vumbi!"

Nikaiweka dirishani. Nikabadilisha neno la siri, nikaliingiza mwenyewe kwenye simu tatu za nyumba, kisha nikafungua orodha ya simu zilizoshika wifi hiyo. Zilikuwa nne. Ya nne haikuwa na jina, na alama zake za rezo, yaani mtandao, zilijaa kuliko zangu, mimi niliyekaa karibu na ruta! Neno la siri nilikuwa sijamwambia mtu. Nikasema, jirani huyu mwizi ni fundi kunishinda. Nikaifungia.

Basi tabu ikaanza. Furaha akipiga, tunamwona vizuri, lakini Mama akifungua tu kinywa ataje jina, picha inaganda. Nilibadilisha kila kitu mle ndani. Nilizunguka na simu mpaka chooni nikipima, rezo nzuri. Lakini jina halipiti. Siku ya tatu Mama akaleta karatoni ya kurudishia ruta, nayo ingali inawaka, machozi yakimlenga. Mtoto alikuwa bado anaitwa "mutoto" tu.

Nikatoka nje, nimeshika simu, roho inaniuma. Ndipo nikasikia hodi langoni.

Alikuwa muzee wa koti ya kijivu, viatu vimeshika udongo mbichi. Mvua? Juma zima haikunyesha, niaminini.

"Mutoto yangu, ni weye ulinifungia?"

"Kumbe ni weye, muzee! Unakula wifi ya watu bure?"

Akacheka mpaka koti ikatikisika. "Sikule mingi. Niko natafuta tu sura ya mutoto ya Furaha. Munataka kumupa jina, na miye muliniacha inje?"

Alivyosema hivyo, ukali wangu wote uliisha. Mtu anaomba kuona mtoto, utamkatalia? Nikamfungulia palepale kwenye simu.

"Aksanti, mutoto yangu. Uko na roho nzuri, ila mudomo yako ni mingi."

Akanipita akielekea nyuma ya jiko. Huko kuna ukuta na kaburi la babake Mama Furaha, basi. Nilimfuata nimwonyeshe njia ya kutokea. Hakukuwa na mtu.

Nilikuwa ningali nimesimama pale, Furaha akapiga. Nikaingia mbio. Mtoto alikuwa analia. Akanyamaza, akafungua macho. Mama alikuwa amechagua jina Gloire. Alifungua kinywa akasema, "Anselme." Picha haikuganda. Akarudia, "Anselme," akaanza kulia na kucheka pamoja, kwa sababu hilo lilikuwa jina la babake.

Baadaye nikamweleza Mama juu ya mgeni. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Koti ya kijivu? Tulimuzika nayo. Na simu yake tulimutilia mukononi, ile alikuwa anailalia."

Ruta haikurudi kwa muuzaji. Simu ya nne ingali kwenye orodha. Nimeiandikia "Tate", babu wetu. Kila Furaha akipiga, alama zake zinajaa.

Na weye unayesoma hii, ukikuta simu usiyoijua kwenye ruta yako, usikimbilie kufunga. Zunguka kwanza nyuma ya nyumba, usalimie kwa heshima.