Klachi ya Pikapu na Mchicha wa Shangazi

Mwanangu, Jumamosi niliyofungua klachi kwa mara yangu ya kwanza naikumbuka hadi leo. Nakusimulia kwa kuwa nimesikia umenunua pleti mpya ya klachi ya gari lako na wataka kuifunga mwenyewe hapo uani. Vyema. Siku hizi mwafundishwa na simu, na simu haichoki kurudia. Sisi tulifundishwa kwa kupigiwa kelele.

Wakati huo nilikuwa kijana wa mtaa wa Bofu, ng'ambo ya feri, nina mke, nina pikapu kuukuu, na nina kiburi cha kuwatosha watu watatu. Kila alfajiri nilipakia kina mama wa mtaani na mboga zao, nikiwavusha feri kwenda sokoni. Mkubwa wao alikuwa Bi Mwanajuma, shangazi yangu, dada wa baba, aliyelima mchicha nyuma ya nyumba yake. Basi klachi ikaanza kuchoka. Tukitoka ferini kupanda kile kilima cha upande wa mjini, injini ilinguruma na gari haliendi, kisha harufu ya kuungua ikatufikia sote. Nyuma yetu pana magari, na kando ya magari pana umati wa watu wanaotembea. Siku moja likarudi nyuma kidogo kabla ya kushika, na kina mama wakapiga mayowe. Hapo nikajua klachi haingojei tena.

Fundi sikumwita. Nilikuwa nimewatazama mafundi wakiifanya kazi ile, nikaona na mimi naiweza. Kutazama, mwanangu, ni jambo lidanganyalo sana. Nikamwomba jirani yangu Kazungu, mpakuzi wa mizigo bandarini, mtu wa kifua, aje anisaidie kushusha giaboksi. Tukaliinua gari, tukaliwekea magogo, maana gari lililoshikwa na jeki peke yake halilaliwi chini yake, na hilo usilifanyie mzaha. Tukafungua shafti, tukateremsha giaboksi juu ya gunia. Ilipofika adhuhuri klachi ya zamani ilikuwa mkononi mwangu, imelika hadi misumari yake yaonekana.

Lakini ilikuwa imelowa oili. Kazungu akaonyesha kwa kidole: oili ilichuruzika kutoka nyuma ya lile gurudumu zito la injini ambalo klachi huegemea. Huko ndiko ikaako sili, pete ya mpira inayozuia oili isitoke.

"Hii sili imekufa, ndugu yangu," akasema.

"Tutaibadilisha siku nyingine," nikamjibu.

Kuibadilisha kulitaka kulifungua na lile gurudumu, kisha kuvuka kwenda kuitafuta, na maduka ya spea yalikuwa yamefungwa, hayafunguliwi tena mpaka Jumatatu. Na kina mama walinitegemea kesho yake. Basi nikapangusa kwa kitambaa na petroli mpaka pakang'aa, nikaweka pleti mpya, nikaiweka sawa katikati kwa kijiti nilichokichonga, nikaanza kukaza. Tukapandisha giaboksi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo niliijua tangu utotoni, ila siku ile niliona yawahusu wenye nyumba tu.

Alasiri akaja shangazi kuniangalia. Alikwisha kung'oa mchicha wake na kuufunga mafungu.

"Shikamoo, shangazi," nikasema nikiwa mvunguni mwa gari.

"Marahaba, baba. Kesho twaenda?"

"Twaenda, inshallah."

Akainama, akaona kile kitambaa. "Na mafuta haya?"

"Kidogo tu hayo, shangazi. Hayana neno."

Akakiokota, akakigeuza. Kisha akasema, "Mimi gari silijui, nakuuliza weye ulijuaye. Kesho tukitoka ferini, mimi na wenzangu tukae huku nyuma, ama tushuke tupande kwa miguu?"

Nilitaka kusema mkae. Ulimi ukakataa. Nilijua ile oili ingeifikia pleti mpya, kama si kesho basi wiki ijayo, na gari lingerudi nyuma pale pale, yeye akiwa juu ya mafungu yake na watu wakiwa chini. Niliona haya mwanangu, haya ya kweli, kwa kuwa nilikuwa tayari kumpakia.

"Mshuke," nikasema.

"Basi lifungue. Mchicha utanyauka, na unyauke. Kawia ufike."

Akaenda zake kuwaambia wenzake. Wawili walipata njia nyingine, waliobaki walininunia. Kazungu, ambaye kifua chake kilikwisha kuibeba giaboksi ile, alinitazama kwa jicho ambalo sitakueleza, kisha akalala tena chini, tukaishusha upya. Jumatatu nikavuka kutafuta sili.

Shangazi hakukubali mchicha utupwe. Aliugawa nyumba hadi nyumba, na Jumapili ile mtaa wetu wote ulikula mchicha, mchana na usiku. Kila aliyenipita aliniambia umepikika vizuri. Jumanne tukakipanda kile kilima, klachi ikashika, na hakuna aliyesema neno. Kazi nzuri hupokelewa hivyo, usingoje makofi.

Nasaha yangu basi ni hii. Kukosea si aibu kwa afunguaye kwa mara ya kwanza. Ukikosa, fungua, rudia, na umwite jirani, maana giaboksi si ya mtu mmoja. Lakini kosa ulilokwisha kuliona, ukalifunikia bolti ukijua, hilo si kosa tena, ni dhuluma, na atakayeilipa siye aliyelala chini ya gari. Mficha uchi hazai. Kwa hiyo kabla ya kukaza bolti ya mwisho, mwite mamako, kwa kuwa ndiye atakayepanda gari hilo wa kwanza, umtazame usoni, umweleze kila ulichokiona mle ndani. Kama neno moja litakukwama kooni, usikaze.

Mola akulindie mikono yako na macho yako, akupe subira ya kufungua mara ya pili, na kila utakayempakia umfikishe salama. Amin.