Jina la Mchochea Moto

Hebu mwone anavyoingia: mama wa miaka hamsini na ushee, vumbi jeupe mpaka kwenye kope, ndoo ya patasi mkononi, miwani imefungwa kwa uzi. Mtaa mzima humwita Mama Patasi. Kabla hajamsalimu mtu, hulipapasa jiwe kwanza, kama anayempima mtoto homa.

Jiwe la safari hii lilikuwa la kumbukumbu ya mabaharia wa meli za mizigo waliokufa wakati wa vita. Askari hawakuwa, walibeba unga na makaa, meli zikapigwa, wakazama nazo. Mama Patasi alichonga majina sitini na moja, kila moja akilisoma kwa sauti kabla ya kuligusa.

"Nikilitamka ovyo, nitalichonga ovyo," husema.

La sitini na mbili likamkwama kooni. SIJUI, mchochea moto wa meli.

"Jina gani hili?" akamuuliza katibu wa kamati.

"Orodha ndivyo inavyosema, mama. Wewe chonga tu, Ijumaa tunazindua."

"Karatasi ina raba, kaka. Jiwe je?"

Akaweka nyundo chini. Siku mbili akapita akiuliza mlango kwa mlango huko bandarini, mpaka akampata binti wa yule mchochea moto, sasa bibi kizee. Bibi akacheka hadi akashika mbavu.

"Mwanangu, karani wa meli alimuuliza jina kwa lugha yake. Baba akajibu, 'Sijui.' Yaani sijui unasema nini! Karani naye akaandika." Kicheko kikakatika. "Mama alikufa akitamani kuliona jina la mumewe mahali fulani, maana baba hata kaburi hana."

Mama Patasi akamwomba alitaje lile la kweli, polepole, akaliandika kiganjani. Katibu alipokuja juu, alimnyooshea nyundo: "Haya, chonga wewe." Katibu akanywea.

Alhamisi bibi akaletwa. Akapitisha kidole juu ya herufi za jina la baba yake, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho.

"Ndiye," akasema. Halafu akakunja uso. "Lakini melini wenzake walimwita Sijui miaka saba, kwa mapenzi kabisa. Naamini hata siku ile walimwita hivyo. Hawa walioandikwa naye hapa, watamtambua?"

Chini ya jina palibaki nafasi ya vidole viwili. Mama Patasi akachomoa penseli sikioni, akamtazama bibi, akalitazama jiwe.

Ungekuwa wewe, ungeandika?