Posa ya Watu wa Vioo

Mume wangu huniambia nikisimulia habari hii nipunguze chumvi. Sitii chumvi hata chembe. Yeye siku ile ya posa alikuwa nje ya lango, amejifungia ndani ya gari anatokwa jasho, hakusikia neno hata moja. Aliyekuwa nyuma ya pazia ni mimi, kwa hiyo anayesimulia ni mimi, na yeye aendelee kumenya viazi vyake.

Nianze na kazi ya nyumbani kwetu, maana bila hiyo mambo mengine hayataeleweka. Baba yangu alikuwa mwanajeshi, Mwacholi kutoka kaskazini, na alipostaafu alifungua duka la spea za magari huku Nateete, Kampala. Ndivyo kibao kilivyosema. Ukweli ni kwamba gari likikwama kwenye foleni, dereva akainamia simu yake, kioo cha pembeni kiling'oka, na kesho yake dereva yule yule alikuja dukani kwetu kununua kioo chake mwenyewe. Wengine walichonga namba ya gari juu ya kioo ili kisiibwe. Mama aliwapenda sana watu wa namna hiyo, kwa sababu namba zao zilimrahisishia kupanga vioo rafuni kabla wenyewe hawajafika.

Najua ni wizi. Nilijua tangu utotoni na nilikula ugali wake nikashiba. Leo mimi na mume wangu tunauza spea zenye risiti, tunalala usingizi mzuri, na sina haja ya kumpaka baba rangi ambayo hakuwa nayo.

Makindye kulikuwa na nyumba nyingine ya kazi hiyo hiyo. Aliyeiongoza alikuwa mama mmoja Mkenya, mjane, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko cha mtangazaji wa redio. Uhasama wa nyumba hizi mbili ulikuwa wa miaka mingi. Vijana wake walimvunja kaka yangu mkono, na mpaka leo haunyooki. Kwa upande wao, walisema marehemu mume wa yule mama alifungwa kwa sababu baba alimchongea kwa polisi. Baba hakuwahi kukana, hakuwahi kukubali.

Walichogombea ni mahali. Kwetu neno hili halikuwa neno dogo. Mahali ni kipande cha barabara ambapo vijana wa nyumba fulani wana ruhusa ya kufanya kazi, na wa nyumba nyingine wakionekana hapo wanavunjwa mikono. Nateete palikuwa petu, Makindye palikuwa pao, na katikati kulikuwa na mzunguko wa Kibuye, wenye foleni nono kuliko zote, ambao kila nyumba iliuita wake. Baba alikuwa anaweza kusahau siku yangu ya kuzaliwa, lakini Kibuye hakusahau hata akiwa na homa.

Mimi na huyu mmenya viazi tulikutana kwenye kilima cha Naguru, kwa polisi. Kulikuwa na msako, wakakamatwa watu wa kwetu na wa kwao siku moja, nami nikatumwa kumpelekea kaka chakula. Nilibeba malakwang ya mama, zile mboga chachu zinazopikwa kwa karanga. Kijana aliyekuwa mbele yangu alibeba githeri, mahindi na maharage ya kuchemsha. Afande akapokea vyombo vyote viwili na kuvipeleka ndani, akavichanganya. Jioni kaka alirudisha chombo kisicho chetu na ujumbe kwamba mama amejifunza lini kupika mahindi vizuri hivi. Kesho yake nilikwenda kudai chombo chetu, nikamkuta yule kijana naye amekuja kudai chao. Nilimgombeza kana kwamba yeye ndiye aliyekosea. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema binamu yake ameuliza kama zile mboga chachu zitakuja tena.

Tuliendelea kukutana Naguru hata baada ya watu wetu kuachiwa. Watu wakishangaa nawaambia wafikirie vizuri: ni wapi tena Kampala ambapo mtu wa nyumba zetu asingekanyaga kwa hiari yake? Wapenzi wengine huwakimbia maaskari. Sisi tulikaa nje ya ukuta wao tukila mahindi ya kuchoma, na sijawahi kujisikia salama namna ile. Nilimpenda kwa sababu alikuwa na utulivu na mimi sina. Nilimpenda pia kwa sababu alicheka mpaka machozi nilipomwambia mimi ni mtoto wa nani, maana yeye ni mwana wa yule mama wa Makindye, na baada ya hapo hakuninyima mkono wake.

Aliposema anataka kunioa, nilifurahi, kisha nikaogopa. Baba alikuwa ameshatoa hukumu yake zamani, mezani, bila kuulizwa na mtu. "Binti yangu akienda Makindye," alisema, "mimi nitasema nilizaa wanaume tu." Baba hakuwa mtu wa kusema kitu kwa mzaha. Mimi nilimtaka mume, na nilimtaka baba yangu pia. Kutoroka kungenipa mmoja na kuninyima mwingine, na sikuwa tayari kwa hasara hiyo.

Mama ndiye aliyetunga mpango. "Usimwambie kitu," aliniambia. "Mimi nitamwambia wageni wa Makindye wanataka kuja kuongea. Wakishafika ndani, watasema wenyewe. Mgeni hafukuzwi na chai mkononi." Nikaona mama ana akili kama serikali. Kumbe baba aliposikia Makindye wanataka kuongea, alielewa jambo moja tu: Kibuye. Alipiga pasi koti lake yeye mwenyewe.

Walikuja mchana wa Jumapili. Yule mama wa Makindye alikuwa amevaa gomesi, lile vazi lenye mabega yaliyochongoka, akaketi mkekani kama wanawake wote, kwa sababu kwenye shughuli hizi mama wa kijana hasemi. Walikuwa wamemtafuta jirani yao mmoja, Muganda wa makamo, awe msemaji. Alisifika kwa ulimi mtamu. Ulikuwa mtamu kweli, lakini kwa Kiluganda. Kwa kuwa lugha iliyoziunganisha nyumba zetu ni Kiswahili, alilazimika kukitumia hicho, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni.

Kosa la kwanza lilikuwa la wote. Shughuli kama hii Kampala huanza kwa watu kujitambulisha, mmoja mmoja, huyu shangazi, huyu mjomba. Lakini watu wa kazi yetu hawataji majina mbele ya wasiowaamini. Kila mtu alisubiri mwenzake aanze, hakuna aliyeanza, wakanywa chai. Basi ikawa baba hajui nani amekaa mbele yake kama mkwe na nani kama adui.

Msemaji akakohoa. "Ssebo mzee, habali ya hapa?"

"Mzuri," baba akajibu.

"Sisi tumekuja juu ya mahali."

Alitaka kusema mahari. Lakini Waganda wengi ulimi wao ukitoka kwenye *a* haufiki kwenye *r*, unatua kwenye *l*. Baba, ambaye maisha yake yote yalikuwa mahali, alisikia alichosikia. Nilimwona kwenye upenyo wa pazia akikaa wima.

"Nilijua," alisema. "Hiyo maneno lazima siku moja tuongee."

"Tuko tayali kutoa, mzee. Hatutaki kutoa nusu nusu. Tunatoa yote."

"Yote?"

"Kweri kabisa."

Baba akamtazama kaka, kaka akamtazama baba. "Hata ya Kibuye?"

Msemaji alidhani mzee anataja pa kupokelea ng'ombe. "Ukisema tulete mpaka Kibuye," akasema kwa ukarimu, "tunaleta mpaka Kibuye."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilimtazama yule mama mkekani. Naye alikuwa ameelewa, niliona. Alifungua mdomo, akaufunga, akashika kikombe chake kwa mikono miwili.

"Na nyinyi mnataka nini?" baba akauliza. Sauti yake ilikuwa ya upole ambao sijawahi kuusikia.

Msemaji akatabasamu. Sasa alifika kwenye maneno aliyofundishwa na yule mama, maneno mazuri ya posa ambayo kwao kila mtu angeyaelewa. "Mzee, ndani ya nyumba hii kuna ua. Ua mzuli sana. Sisi tunaomba hilo tu."

Kwa yule mama ua ni la bustanini, lenye harufu. Kwa baba, mtu wa kambini, ua ni uwanja wa nyuma ya nyumba uliozungushiwa mabati, alikoweka vitu ambavyo bado havijawa tayari kuonekana na watu.

"Nani amewaambia juu ya ua yangu?" Upole ulikuwa umekwisha.

"Watu wanasifu, mzee. Hata kijana wetu ameliona."

"Ameona? Ameingia hapa?"

Msemaji, ambaye alidhani anatetea mapenzi ya kweli, akasema, "Anakutana nalo mala nyingi, mzee. Tangu mwaka jana."

Kaka akasimama. Vijana wawili wa upande wa pili nao wakasimama. Kikombe kikaanguka. Mama alikuwa amekwama kwenye mlango wa jikoni na sahani ya mandazi. Binti anayeposwa hutoka akiitwa, anapiga magoti, anaangalia chini. Mimi nilitoka bila kuitwa, nimesimama wima, na pazia lilinifuata nusu ya njia.

"Baba, anasema mahari!" nikapiga kelele. "Mahari! Siyo mahali! Na ua ni mimi!"

Yule mama wa Makindye akaangua kicheko, akauficha uso wake kwenye mkanda wa gomesi. Baba hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi.

"Wewe?"

"Mimi."

"Na Makindye?"

Nikapiga magoti. Hasira ilinisaidia. "Na Makindye, baba. Nataka kuolewa kule, na nataka ubaki baba yangu. Vyote viwili. Ukininyima kimoja, sijui hicho kingine nitakifanyia nini."

Baba aliutazama mkono wa kaka, ule usionyooka. Nilijua anachofikiri, na sikuwa na la kusema juu ya mkono ule. Ndipo yule mama akavunja mila. Alizungumza pale pale alipoketi, Kiswahili chake kimenyooka kama siku zote.

"Mzee, msemaji wetu ameteleza ulimi, lakini mimi nilimsikia akiitoa Kibuye na nikanyamaza. Sikunyamaza kwa bahati mbaya. Mwanangu anampenda mtoto wako. Chukua Kibuye yote, iwe ndani ya mahari yake."

Watu wa kazi yetu wote mle ndani walivuta pumzi. Kaka alianza kutabasamu. Miaka yote ya uhasama ilikuwa imewekwa mbele ya baba kwenye sahani, na hakuhitaji hata kunyoosha mkono sana. Mimi nilifunga macho. Niseme ukweli, sehemu ya moyo wangu ilitumaini ataichukua, yaishe.

"Hapana," baba alisema. "Mtoto yangu sibadilishi na barabara. Watu watasema huyu bei yake ilikuwa foleni?" Akamgeukia kaka kabla hajasema lolote. "Na wewe kaa chini. Kibuye hakuna mtu anachukua tena. Ya kwao hapana, ya kwetu hapana. Imekwisha."

Na imekwisha kweli. Vioo vya Kampala bado vinapotea, sikatai, lakini pale mzungukoni tangu siku ile walioving'oa hawakuwa wetu wala wao. Baba alikuwa ametupa kitu alichokipigania kuliko kitu chochote, na alikitupa kwa sababu alikataa kukipokea mkono mmoja na kunitoa mimi kwa mkono mwingine. Niliolewa nikiwa sina bei ya barabara juu yangu. Mpaka leo nikilikumbuka jambo hilo, nafurahi.

Lakini pale sakafuni nilikuwa bado sijui. Alikuwa amekataa Kibuye. Juu yangu hakuwa amesema kitu.

Baba akaokota kikombe kilichoanguka, akakiweka mezani. "Hii mambo tumeanza vibaya," alisema. "Mtu anakuja nyumba ya mtu na hasemi yeye nani? Tuanze tena. Kila mtu aseme."

Yule mama akatangulia. Alitaja majina yake yote matatu, polepole, mbele ya watu ambao angeweza kufungwa kwa midomo yao, akasema yeye ni mama wa kijana. Vijana wake wakafuata. Msemaji akataja lake na la ukoo wake na la babu yake, na akaombwa aishie hapo. Mama alijitambulisha akiwa bado ameshika mandazi. Kaka alikawia, kisha naye akasema jina lake, akiwatazama wale waliomvunja mkono.

Akabaki baba. Watu wa Makindye waliinama mbele kidogo kusikia, kwa sababu mtaani alijulikana kwa jina la kubandikwa tu, na la kweli hawakuwahi kulipata. Akafunga kifungo cha koti. Akanitazama pale chini nilipokuwa.

"Mimi," alisema, "ni baba ya huyu."

Akakaa. Jina lenyewe hakulitaja.